Atembeaye Kando ya Injini

Desmond Haigh alileta injini tatu, kila moja imelazwa ndani ya sanduku lake la mbao kama mtoto mchanga, akazipanga juu ya ukuta wa mawe nyuma ya nyumba ya akina Sugden. Alikuwa mtu mnene, mwenye magoti mabovu na mdomo usiojua kupumzika. Alimwambia Tamsin, binti wa nyumba hiyo, asiwe na haraka ya kuchagua, maana injini ya mvuke ni kama mchumba: ikiwa imesimama huwezi kuijua, mpaka uipandishe mlima.

Tamsin alitabasamu akiangalia viatu vyake. Alifundisha watoto wadogo katika shule ya kijiji pale Hollinshaw, na mbele ya watoto sauti yake ilitoka bila taabu. Mbele ya watu wazima ilimpotea. Hata kwa Desmond, aliyemjua tangu akiwa tumboni, alijibu kwa kichwa zaidi kuliko kwa mdomo.

Mlima aliousema Desmond ulikuwa ni bustani yenyewe. Nyumba ya akina Sugden imeegemea kilima, na bustani yao haina mahali pa kuweka sahani ya supu isimwagike. Hapo ndipo Wilf Sugden, baba yake Tamsin, alipojenga reli yake kidogo kidogo kwa miaka mingi. Zilikuwa reli nyembamba, kiganja kimoja kingeweza kuzifunika zote mbili, lakini injini zilizopita juu yake zilikuwa za kweli: maji ndani ya boila, moto wa gesi chini yake, mvuke ukisukuma magurudumu. Njia ilianzia mlango wa jikoni, ikapanda kufuata ukuta mpaka kwenye mtufaha ulioota juu kabisa, kisha ikateremka upande wa pili kwa kasi, ikakunja kona kali kwenye pipa la maji ya mvua, ikarudi jikoni. Kando yake, mwanzo hadi mwisho, palikuwa na kijia cha changarawe.

Kijia hicho kilikuwa cha Wilf. Hakupenda rimoti. Alitembea kando ya injini yake ameinama kidogo, mkono juu ya paa lake, akikifungua kishikio cha mvuke kwenye mwinuko na kukifunga kabla ya mteremko. Kosa la watu wa reli za bustani, wale wenye vilima, ni moja: kuiachia injini mvuke wa kupandia, halafu kusahau kuupunguza ikifika juu. Ikishavuka kilele hukimbia kama mbuzi aliyekata kamba, na kwenye kona huruka nje. Hakuna mwanachama wa klabu ya Wilf na Desmond ambaye hajawahi kufanya kosa hilo, na hakuna aliyeruhusiwa kulisahau. Lilitolewa mezani kila mwaka pamoja na keki ya tangawizi.

Ndiyo maana walikuwa na sheria yao. Injini yenye mvuke haiachwi peke yake. Ukitaka kumkabidhi mwenzako unamwambia, "Ni yako," na huondoi jicho wala mkono mpaka akujibu, "Ni yangu." Asipojibu, unaendelea kutembea. Wilf aliishika sheria hiyo kama sala. Siku moja simu ilimlilia mfukoni mizunguko miwili mizima kwa sababu mkewe, Beryl, alikuwa na mdomo uliojaa mkate na hakuweza kumjibu.

Wilf alifariki mwishoni mwa majira ya baridi, kwenye mwinuko huo huo. Moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua, na daktari alikuwa amemkataza kilima. Akacheka, akasema hakipandi yeye, anaisindikiza tu injini. Beryl alimkuta ameketi chini ya mtufaha, kofia imemwangukia puani kama aliyesinzia. Injini yake, aliyoiita Nora, ilikuwa imesimama jikoni, gesi imekwisha, boila bado lina joto. Alikuwa peke yake bustanini. Hapakuwa na mtu wa kumkabidhi.

Kiangazi kikaja. Boila la Nora likafeli kipimo cha klabu, na boila likifeli injini haiwashwi tena mbele za watu. Lakini siku ya mvuke ya akina Sugden, ambapo klabu nzima huja kuendesha injini bustanini, hufanyika kila mwaka Septemba inapoanza, na Beryl alisema itafanyika. Kwa hiyo ilitakiwa injini nyingine, na kazi ya kuichagua ikamwangukia Tamsin, kwa kuwa mama yake tangu msiba hakuwa ametia mguu bustanini. Alikuwa akikaa dirishani jikoni.

Kulikuwa na jambo ambalo Tamsin hakumwambia mtu. Mwezi wa nne, kabla ya boila kupimwa, alikuwa amemwasha Nora peke yake ili kuona kama anaweza. Injini ilipofika juu alikuwa ameachwa nyuma, na machozi yalimfanya asahau mvuke. Alisubiri sauti ya chuma kikigonga mawe. Badala yake alisikia changarawe: hatua nzito, zisizo na haraka, zikienda sambamba na injini mahali ambapo hapakuwa na mtu. Nora akapunguza mwendo. Akapita kona taratibu, akarudi jikoni kwa heshima zake zote.

Tangu siku hiyo alikuwa akiogopa kuwasha injini, na akiogopa zaidi kutoiwasha. Mpaka boila lilipofeli alimwasha Nora mara chache tena, na kila mara alizisikia hatua hizo, zikipanda na zikishuka.

Desmond alianza na ile nyekundu. Ilikuwa fupi, nzuri, bomba lake la moshi refu kama shingo ya bata aliyekasirika. Akaifungia mabehewa yaliyopakiwa mawe, akawasha gesi, akangoja valvu ya usalama ianze kupiga mluzi, akaiachia. Ilipanda nusu ya mwinuko, ikachoka, ikasimama inatetemeka. Akaiongezea mvuke. Ikapanda mpaka kwenye mtufaha ikipumua kwa hasira, ikavuka kilele, na hapo Desmond akakumbuka kwamba magoti yake hayapo tena upande wake.

"Kamata, binti, kamata," akasema, lakini Tamsin alikuwa upande wa chini, mbali.

Injini ilishuka mabehewa yakiisukuma mgongoni. Kisha, kabla ya pipa la maji, ikapungua. Haikuyumba wala haikujikwaa. Ilipungua kama gari la mtu anayeijua barabara, ikakunja kona, ikaja kusimama miguuni mwa Tamsin. Kishikio cha mvuke kilikuwa kimefungwa.

Desmond alishuka polepole. Akauliza kama yeye ndiye aliyekigusa. Tamsin akatikisa kichwa. Mzee akavua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu limeandikwa humo, akaivaa tena. Akasema labda ni mtikisiko; vishikio vipya huwa vyepesi. 

Dirisha la jikoni lilikuwa wazi. Beryl akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumzia posta, "Leo amechelewa kidogo kuifikia."

Desmond akajifanya anatafuta kitambaa.

Injini ya pili ilikuwa ndefu, nyeusi, imeng'arishwa mpaka unajiona. Kona ya kwanza tu ya mwinuko iliitupa pembeni. Desmond aliiokota akiifuta matope, akainung'unikia kwamba kweli wewe ni wa watu wa tambarare, rudi kwenu.

Ya tatu ilikuwa na sura mbaya. Mitungi yake ya mvuke ilisimama ubavuni upande mmoja kama masanduku ya msafiri, na chini yake ulipita mhimili mrefu wenye gia uliozungusha kila gurudumu, hata yale ya nyuma. Injini za namna hiyo zilibuniwa kwa wakata miti wa milimani, ng'ambo. Ilipowashwa ilipiga kelele kama cherehani kumi. Lakini ilipanda. Ikiwa na mabehewa yote ya mawe ilipanda kwa mwendo wa kuku anayetafuta chakula, ikafika kwenye mtufaha, ikavuka kilele, na upande wa pili ikateremka kwa mwendo ule ule wa kuku. Gia zilizoisukuma ndizo zilizoizuia.

"Huyu hataki mtu," Desmond akasema. "Mwashe, kanywe chai, umkute anakuja. Tamsin, mimi napenda injini nzuri kama mtu mwingine, lakini kwa kilima hiki ningechukua huyu mwenye sura ya mama mkwe wangu."

Tamsin alikuwa akisikiliza. Cherehani ilizunguka bustani nzima, na juu ya changarawe hapakuwa na sauti yoyote.

Beryl alikuwa amesimama mlangoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu msiba kufika hata hapo. "Hiyo siitaki hapa kwangu," akasema.

Desmond aliziacha mbili, nyekundu na ile ya gia, ili mama na binti wajadiliane wenyewe. Alipokuwa akiondoka alimshika Tamsin begani, akaanza kusema kitu kuhusu Wilf, akaishia kumwambia aangalie mafuta.

Jioni ile, jua likiwa bado juu ya kuta za malisho ya kondoo, mama na binti waliketi jikoni na mkate wa jibini ambao hakuna aliyeula. Beryl hakuzungusha maneno. Alisema tangu mwezi wa nne anajua. Alisema aliposikia zile hatua mara ya kwanza alisimama palepale penye sinki mpaka maji yakampolea mikononi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalala usingizi mzima. Ile nyekundu inamhitaji mtu. Ile nyingine haimhitaji. Kwa nini yeye, mkewe, alete nyumbani kitu cha kumwambia Wilf kwamba hahitajiki?

Tamsin alikuwa na jibu alilosita kulitoa. Hakuwa na haki ya kumnyima mama yake usingizi. Wala yeye mwenyewe hakutaka. Zilikuwa hatua za baba yake; angeweza kuzitambua katikati ya soko.

"Mama," akasema hatimaye, "umewahi kumsikiliza akiwa anapanda?"

"Namsikia kila mara."

"Kutoka hapa unamsikia anaposhuka. Twende ukamsikilize anapopanda."

Beryl alikataa. Kisha akavaa koti la Wilf lililokuwa bado limening'inia nyuma ya mlango, akatoka.

Tamsin alimsimamisha katikati ya mwinuko, karibu na ukuta, mahali ambapo kijia ni chembamba. Akaenda chini, akawasha ile nyekundu, akaifungia mabehewa, akaiachia na mvuke mwingi. Hakuifuata.

Injini ikaja inapanda. Nyuma yake kidogo changarawe ikaanza kulia, hatua, na hatua, na hatua. Beryl akatabasamu ndani ya kola ya koti. Kisha hatua zikakaribia, na tabasamu likaondoka.

Kulikuwa na pumzi. Kutoka dirishani haisikiki, injini huifunika. Lakini hapa ilikuwa karibu kiasi cha kuhisika shavuni: pumzi fupi, yenye mkwaruzo, inayovutwa kwa nguvu na kutoka nusu. Hatua zikasimama. Kitu kikagusa ukuta, kama kiganja cha mtu anayejishikiza, na vijiwe vidogo vikaporomoka. Pumzi ikahangaika hapo. Kisha hatua zikaanza tena, kwa haraka ya mtu aliyeachwa, kwa sababu injini ilikuwa inakaribia kilele na mtu lazima awahi kuifungia mvuke.

Tamsin alipopanda kumfuata mama yake alimkuta amekiweka kiganja chake ukutani, palepale.

"Ni vile vile," Beryl akasema. "Wiki ile ya mwisho alikuwa akisimama hivi hivi. Nikimuuliza ananiambia anaangalia sisimizi."

"Ndiyo."

"Kila tukiiwasha anapanda hivi?"

"Kila mara, mama."

Chini yao injini nyekundu ilikuwa imefika jikoni salama, mvuke umefungwa, inavuja tone moja moja. Beryl aliitazama kwa muda. "Mzee mkaidi," akasema, na sauti ikamkatika. "Daktari alimwambia. Mpigie Desmond, aje aichukue hii. Tutabaki na hiyo yenye sura mbaya."

Siku ya mvuke ilipofika mawingu yalikuwa chini lakini mvua ilikaa mbali. Watu wa klabu walikuja na masanduku yao na viti vyao vya kukunja, wakatoa pole kwa namna yao, yaani kwa kuuliza habari za mteremko na kusifu keki. Desmond alitaniwa kuhusu magoti, akawatania wao kuhusu yale ambayo injini zao ziliwahi kuwafanyia kwenye pipa. Kisha wakanyamaza, kwa sababu ni desturi injini ya mwenye nyumba itangulie.

Tamsin aliwasha ile ya gia.  Akangoja mluzi wa valvu, akasukuma kishikio, na cherehani ikaanza safari yake pole pole kufuata ukuta. Mmoja alisema kwa utani kwamba huyo binti sasa anaweza kwenda sokoni na kurudi. Wengine wakacheka.

Kisha hawakucheka. Changarawe ilikuwa inalia.

Tamsin aligeuka kukitazama kijia. Alikuwa amedhani kwamba injini isiyohitaji mtu itatosha. Siku ya majaribio haikuwa na hatua. Labda baba yake alikuwa ameitazama tu kwa mbali, kama mgeni anavyotazamwa. Lakini leo ilikuwa injini ya nyumba, inapanda kilima chake, na Wilf Sugden hakuwahi kuiacha injini yenye mvuke peke yake. Hatua zilipanda nyuma yake taratibu, kwa mwendo wa kuku, na kwa sababu mwendo ulikuwa mdogo kila mtu aliisikia pumzi. Desmond alikuwa amevua kofia. Beryl, mlangoni, amelishika koti la Wilf alilovaa, kifuani, kwa mikono miwili.

Ndipo Tamsin alipoona kosa lao. Walikuwa wamechagua injini, wakafikiri ni suala la gia. Injini ingeweza kuwa ya namna yoyote. Baba yake alikuwa anatembea tangu majira ya baridi kwa sababu hapakuwa na mtu siku ile, na hakuna aliyemjibu.

Alianza kupanda. Watu wote wa klabu walikuwa wanamtazama. Alizipita hatua zile kwenye sehemu nyembamba; alihisi joto la mtu anayetoka jasho, na harufu ya mafuta ya mvuke na sufu iliyolowa. Akaifikia injini chini ya mtufaha. Akainama, akauweka mkono juu ya paa lake, mahali ambapo rangi ilikuwa moto.

Sauti haikutoka. Akajaribu tena, akiwafikiria watoto wake wa darasani, jinsi anavyowaita ndani baada ya mapumziko.

"Ni yangu," akasema. Kisha kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Baba, ni yangu."

Hatua zikasimama. Pumzi ikavutwa mara moja, ndefu, mpaka mwisho wake, ikatoka yote. Tufaha moja likaanguka kwenye majani upande mwingine wa shina, mahali alipokutwa ameketi.

Injini ilikuwa tayari imevuka kilele. Haikumhitaji, ingeteremka yenyewe, lakini alikuwa ameshasema, na sheria ni sheria. Tamsin akatembea nayo, ameinama kidogo, mkono juu ya paa. Akapita pipa la maji, akakunja kona, akashuka kati ya viti vya watu ambao hakuna aliyethubutu kukohoa, mpaka kwenye mlango wa jikoni. Akafunga mvuke.

Beryl alikuwa ametoka nje. Alisikiliza huku ameinua uso kuelekea kilimani, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Unasikia kitu?" akauliza.

Tamsin alisikiliza mpaka boila likaacha kulia.

"Nilisikia hatua zangu tu, mama."

Beryl aliitikia kwa kichwa polepole. Akalivua koti la Wilf, akalikunja, akaliweka mkononi. Kisha akasema kwamba chai itapoa, na kwamba Desmond asiruhusiwe kukata keki kwa kuwa hajui kipande ni nini, akaingia ndani kuchukua vikombe. Tamsin alimsikia akivihesabu kwa sauti ya chini.  Halafu kimoja, kile kikubwa cha Wilf, kikarudishwa kabatini.